Kwa nini wavuvi wengi wa barafuni huwaacha paiki na wolai na kufuata samaki wadogo wa kikaangio?

#1 Mtoboabarafu

Wakuu, habari za jioni. Mgeni anayefika Minnesota au Wisconsin kule Marekani, au Ontario kule Kanada, majira ya baridi hukuta jambo la kushangaza. Ziwa limeganda, chini yake wanapita paiki wa kilo tano, na mtu mwenye zana zote amejikunja juu ya kitundu cha sentimita 15 akingoja samaki wa kuenea kwenye kiganja. Mshauri ahamie kwa wakubwa, atakataa. Naweka hoja ninazozijua, wenye ujuzi waongeze na wasahihishe.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo watu wetu wanapochanganyikiwa. Samaki wa kikaangio ninaowasema ni watatu. Blugili (Lepomis macrochirus) ni bapa kama perege, ana doa jeusi kwenye ncha ya kifuniko cha matamvua. Krapi mweusi (Pomoxis nigromaculatus) ana madoa mwili mzima na mdomo mpana wenye ngozi nyembamba kama karatasi. Pechi wa njano (Perca flavescens) ana milia minene inayoshuka ubavuni. Huyo pechi asichanganywe na sangara wa Victoria. Sangara ni Lates niloticus, ukoo mwingine kabisa. Wakubwa wanaoachwa ni wolai (Sander vitreus) na paiki (Esox lucius).

Hoja ya kwanza ni saa za kula. Jicho la wolai lina utando wa nyuma unaorudisha mwanga, kwa hiyo anaona vizuri gizani na huwinda zaidi alfajiri na magharibi. Mwezi Desemba mjini Minneapolis jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Dirisha lake la kula ni fupi, na mara nyingi huja wakati baridi inaanza kuuma. Blugili anawinda kwa macho mchana kweupe. Mtu mwenye nafasi ya kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, akimfuata wolai amekaa kwenye baridi saa zote ambazo samaki huyo hana njaa.

Ya pili ni msimu. Minnesota, katika maziwa ya ndani, wolai na paiki hufungwa mwishoni mwa Februari. Blugili, krapi na pechi wako wazi mwaka mzima. Na Machi ndiyo barafu tamu kuliko zote: theluji inayeyuka, maji yanapenya mashimoni yakiwa na oksijeni, mwanga unarudi, na samaki wanatoka vilindini kurudi kwenye ghuba zenye kina kidogo. Anayewategemea wakubwa tu anazikosa wiki hizo.

Ya tatu, hawa wadogo wanaishi kwa makundi. Nishati inapopanda kutoka vijidudu kwenda samaki mdogo, na kutoka samaki mdogo kwenda mla samaki, sehemu kubwa hupotea kila ngazi. Takriban moja ya kumi ndiyo inayosonga mbele. Kwa hiyo ziwa lenye samaki hawa kwa kawaida lina blugili wengi na paiki wachache. Ukilipata kundi, unaweza kuwa na shughuli kila dakika chache.

#2 Chubwi_Nyepesi

Umeanza vizuri mkuu. Mimi nizame kwenye zana, kwa sababu wengi wanapenda uvuvi huu kwa ajili ya ufundi wake, na ukitumia zana za wolai kwa blugili utarudi na ndoo tupu.

Fimbo: inchi 24 hadi 28, nyepesi kabisa, ncha inayopinda kwa uzito wa jigi (ndoana ndogo yenye kichwa cha metali) tu. Mshipi: ratili 2 kwa blugili, 3 au 4 kwa krapi na pechi. Fluorokaboni, aina ya mshipi wa plastiki, inazama na haionekani sana majini, ila ina kumbukumbu: ikikaa kwenye rili wiki nzima hutoka na misokoto kama springi. Ivute kwa vidole, mita tano tano, kabla ya kushusha. Ukiacha misokoto, blugili akinyonya chambo misokoto inanyooka kwanza, na wewe huoni kitu.

Jigi: nunua za tungsteni. Madini ya risasi yana uzito wa gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, tungsteni safi ni 19.3. Maana yake jigi ndogo kama punje ya mtama inashuka mita saba bila kusubiriwa na bado inatoshea kwenye mdomo wa blugili, ambao ni mdogo mno. Saizi ya milimita 3 ni ya blugili wenye kuchagua, 4 ni ya kazi za kila siku, 5 ni ya krapi na pechi au kina kirefu. Ndoana namba 16 hadi 12.

Fundo ndilo linaloharibu siku za wengi. Jigi hizi zimetengenezwa zilale mlalo kama kidudu kinachoogelea. Fundo likiteleza kuelekea upande wa mbele, jigi inaning'inia kichwa juu. Kila ukimtoa samaki, sogeza fundo kwa ukucha lirudi katikati ya tundu la jigi. Ni sekunde mbili tu.

Rili: zile za kawaida za kutupia hupinda mshipi kila zinapokunja, na jigi ikifika chini huzunguka polepole kama pia. Blugili husogea, hutazama kile kinachozunguka, hugeuka. Tumia rili ya mhimili wa katikati, ambayo mshipi hutoka moja kwa moja kama uzi kwenye kibiringo. Kama huna, shusha jigi, shika mshipi kwa vidole viwili mpaka mzunguko uishe, ndipo uanze kuichezesha.

Chambo: funza wa nta au mabuu ya nzi. Funza wa nta ni mnene na laini, anatoa utomvu, lakini huchomoka haraka, na akiganda hugeuka mweusi na kulegea. Weka kikopo mfuko wa ndani wa koti. Mabuu ya nzi yana ngozi ngumu, moja linaweza kukupa samaki watatu au wanne. Litoboe upande butu, ngozi tu, libaki likijinyonganyonga. Ukipitisha ndoana katikati linakufa na kuning'inia kama uzi.

#3 BintiKisumu

Asanteni sana kaka zangu. Naomba kuuliza: upana wa shimo unabadilisha nini? Madukani kuna keekee za inchi 6, 8 na 10, na muuzaji husukuma ile kubwa.

#4 Mtoboabarafu

Dada, hilo ni swali la hesabu. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Shimo la inchi 8 linakutaka uondoe barafu zaidi ya lile la inchi 6 kwa karibu asilimia 78. La inchi 10 ni mara 2.8 ya lile la 6. Kwa barafu ya sentimita 50, betri inayokupa mashimo 40 ya inchi 6 haitakaribia idadi hiyo ukifunga keekee ya 10.

Na samaki wa kikaangio hutafutwa kwa mashimo. Toboa 15 au 20 kwa mstari kutoka ukingo wa majani hadi kwenye beseni la matope (bonde lenye kina sakafuni mwa ziwa), umbali wa hatua tano hivi kati ya shimo na shimo. Maliza kelele zote kwanza. Kisha rudi shimo la kwanza, chota vipande vya barafu kwa upawa wa matundu, shusha sona (kifaa kinachoonyesha samaki kama mistari ya rangi kwa mawimbi ya sauti), tazama. Hakuna kitu? Songa. Kuna samaki lakini hawali? Wape dakika tatu hadi tano, songa. Kukaa shimo moja saa nzima ni mtindo wa paiki.

Mwanzo wa msimu tafuta majani yaliyo bado ya kijani, mita moja na nusu hadi tatu, kwa sababu yanatoa oksijeni na kuficha vidudu. Yakifa na kuwa kahawia huvunda, huila oksijeni, na samaki huondoka. Katikati ya msimu angalia mabeseni ya mita sita hadi kumi. Huko maji ya chini ndiyo yenye joto zaidi, kuelekea nyuzi 4, kwa kuwa maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi hiyo, na ndani ya matope kuna mabuu mekundu ya usubi ambayo blugili na pechi huyala kwa wingi.

#5 Mzee_wa_Bendera

Vijana, nawaheshimu, ila mnawaonea wakubwa. Blugili wa inchi 8 ana gramu 200 akijitahidi, minofu yake miwili pamoja labda gramu 60. Kaa umenye ishirini kwenye baridi. Paiki mmoja wa kilo nne amewazidi wote hao. Tena kwa paiki unatega mitego miwili ya bendera, samaki wa chambo mkubwa, unaingia kwenye hema unakunywa chai. Bendera ikiinuka unakimbia. Huo moyo unavyodunda hakuna blugili wa kukupa.

#6 Chubwi_Nyepesi

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako ni ya kweli na bendera ikiinuka hakuna anayebaki ameketi. Lakini paiki ana safu ya ziada ya miiba yenye umbo la herufi Y ndani ya mnofu. Asiyejua kuitoa anapoteza sehemu nzuri au analisha watoto miiba. Blugili ukimpaa magamba, ukakata kichwa na kutoa utumbo, anakaangwa mzima.

Kuna na afya, mzee, nalo ni jambo zito kwa wenye familia. Zebaki hujikusanya kadiri samaki anavyokula samaki wengine na kadiri anavyoishi miaka mingi. Idara ya Afya ya Minnesota, kwa wajawazito, wanaoweza kupata mimba na watoto wa chini ya miaka 15, inashauri blugili, krapi na pechi mlo mmoja kwa wiki; wolai chini ya inchi 20 na paiki chini ya inchi 30 mlo mmoja kwa mwezi. Maziwa mengine yana mashauri makali zaidi, ni vyema kutazama jina la ziwa lako. Mama mwenye watoto wawili mezani akipanga samaki wa mwezi mzima, samaki wa kikaangio ndiye anayempa nafasi.

#7 Mzee_wa_Bendera

Marahaba. Hilo la watoto nimelipokea. Na kusema haki, mtoto wa miaka saba hangoji bendera kwa muda wa saa nne.

#8 Mapezi_Sita

Naomba niingize upande wa pili ambao haujaguswa: uvuvi huu ukifanywa vibaya unaua ziwa lenyewe.

Blugili dume hufukua kiota na kulinda mayai. Madume makubwa yakiwepo, madogo huahirisha kukomaa, hutumia nguvu zao kukua kwanza. Ukiwaondoa makubwa, madogo hukomaa mapema yakiwa bado madogo, na yakishakomaa nguvu huenda kwenye uzazi, ukuaji unafifia. Baada ya muda ziwa lina maelfu ya blugili wa inchi 5 wasiofaa kumenywa. Kule kaskazini, blugili wa inchi 8 huweza kuwa na miaka saba au zaidi, kwa hiyo ziwa lililoharibiwa halirudi msimu mmoja. Ndiyo sababu Minnesota, ambako kikomo cha jumla ni blugili na jamaa zake 20, krapi 10 na pechi 20 kwa mtu, imeweka kikomo cha 5 au 10 za blugili kwenye maziwa kadhaa. Weka wa inchi 6 na nusu hadi 7 na nusu, rudisha wale wa 8 na kuendelea. Hao warefu wenye paji la uso lililotuna ni madume ya kulinda viota.

Jambo la pili ni kina. Krapi akivutwa kutoka mita tisa, hewa kwenye kibofu chake hupanuka, macho hutoka, mfuko wa chakula husukumwa mdomoni. Hata akiogelea ukimrudisha, wengi hufa baadaye. Kwa hiyo kwenye kina hicho hakuna kuchagua ukubwa: wote unaowatoa wahesabu ni wako, na ukifika kikomo, funga mshipi uondoke. Anayetaka kuvua na kurudisha ahamie kina cha mita sita au kifupi zaidi.

La tatu, unayekusudia kumrudisha usimlaze juu ya barafu. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri macho na matamvua huganda haraka. Mtoe ndoana juu ya shimo, mikono imelowa, mwache.

#9 Jirani_wa_Simcoe

Mkuu Mapezi, asante kwa hilo la kina; hapa ziwa Simcoe, kaskazini ya Toronto, watu wengi hufuata pechi kwenye maji marefu bila kulijua. Mimi nina tatizo la sona. Samaki wanaonekana wazi, wanapanda hadi kwenye jigi, wanasimama, wanaondoka. Nini kinakosekana?

#10 Chubwi_Nyepesi

Ndugu, hapo ndipo uvuvi wenyewe unapoanza. Fuata mpangilio huu, kitu kimoja kwa wakati ili ujue kilichofanya kazi.

Jigi iko wapi? Krapi na blugili hula vizuri kitu kilicho juu yao. Ishikilie sentimita 30 juu ya mstari wa samaki kwenye sona. Ikishuka chini ya kundi, wengi hawataifuata. Kumbuka sona huona kwa umbo la pia: yenye pembe ya nyuzi 20, kwenye mita sita inaona duara la zaidi ya mita mbili, ya nyuzi 9, chini kidogo ya mita moja. Samaki aliye pembeni ya duara huonekana chini kuliko alipo kweli, kwa sababu mawimbi yamepita njia ya mshazari. Rangi ikiwa hafifu hayuko chini ya shimo lako.

Akipanda, usisimame. Kosa la kawaida ni kuganda kwa msisimko. Mvuvi akiona mstari umesogea huacha kuchezesha, na samaki huona kidudu kilichokuwa hai kimekufa ghafla. Endelea na mtetemo uleule mdogo, ncha ya fimbo ikicheza milimita chache tu, huku ukiinua jigi taratibu. Akiifuata mara mbili atakula mara ya tatu. Akikata tamaa, punguza: jigi ya 3 badala ya 4, buu moja badala ya mawili, mshipi mwembamba zaidi.

Huenda pia wamekula na hujaona. Blugili hunyonya na kutema chini ya sekunde moja. Weka kispringi chepesi kwenye ncha ya fimbo, kilichopinda kidogo kwa uzito wa jigi. Kikishuka, vuta. Kikinyooka kwenda juu, vuta pia: samaki ameinua jigi na uzito umetoweka. Krapi hufanya hivyo mara nyingi. Kuvuta kwenyewe ni kuinua kifundo cha mkono. Ukivuta kwa bega unachana ule mdomo wa karatasi, na utapoteza samaki kwenye ukingo wa shimo.

Kwa pechi geuza mambo. Huyu huvutwa na fujo za chini. Gonga jigi kwenye matope mara tatu nne mpaka wingu litimke, iinue sentimita 15, tulia. Kundi lake hutembea; likiondoka, lifuate kwa mashimo yaliyo jirani.

Tundu za fimbo zikiganda, zitumbukize kwenye maji ya shimo zitoe barafu. Kuzibinya kwa vidole kunavunja ncha.

#11 Mama_Jikoni

Wanangu, na upishi je? Krapi msimkaushe. Mnofu wake ni laini, dakika mbili kila upande kwenye mafuta ya moto zinamtosha. Blugili mzima mchanjeni mishazari mitatu kila ubavu hadi kwenye mfupa, mpake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, akae nusu saa, mfuteni maji, ndipo aingie kikaangoni. Akiingia na maji mafuta yatawarukia na ngozi itanata. Akishakaangwa, tui zito la nazi linampenda kama linavyompenda perege.

Mkikuta kwenye mnofu wa pechi kijidudu cha njano kama punje ya mchele, au vidoa vyeusi kwenye ngozi, msitupe samaki. Ni vimelea vya konokono na ndege wa maji. Kitoeni kwa ncha ya kisu. Akipikwa akaiva hana madhara kwa mlaji.

#12 BintiKisumu

Asante mama, ubarikiwe. La usalama limebaki. Unene gani unatosha?

#13 Mtoboabarafu

Idara ya Maliasili ya Minnesota inasema inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, 9 hadi 10 kwa gari dogo. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji hesabu mara mbili. Na unene haulingani ziwa zima: penye chemchemi, mdomo wa mto, chini ya daraja na pembeni mwa matete huwa nyembamba. Tembea na mtaimbo, piga mbele yako kila hatua kadhaa. Ukipenya kwa pigo moja, rudi kwa nyayo zako. Vaa jaketi la kuelea, ning'iniza shingoni misumari ya kujivutia juu ya barafu ukitumbukia. Machi, barafu ya inchi 12 iliyojaa vinyweleo vya wima haina nguvu ya ile ya Januari, na kingo huachia kwanza. Ulipopandia asubuhi huenda pasikubali kushukia jioni.

#14 BintiKisumu

Nimekuelewa kaka. La mwisho: nikiwa na mshipi wa ratili 2 na shimo la inchi 6, paiki akija?

#15 Chubwi_Nyepesi

Shimo si tatizo, paiki wa sentimita 70 anapita vizuri kichwa kikitangulia. Tatizo ni meno, yatakata mshipi huo mara moja na jigi yako imekwenda. Dalili utaiona kwenye sona: mistari ya blugili inatoweka yote kwa pamoja, halafu unaingia mstari mmoja mnene mwekundu na kutulia. Pandisha jigi mpaka juu, kunywa chai dakika tano. Asipoondoka, hamia shimo la tatu au la nne kutoka hapo, maana huenda blugili wako wamehamia huko.

#16 Mzee_wa_Bendera

Na hilo shimo unaloliacha, binti yangu, nionyeshe niweke bendera.